Mpimaji na Sarafu ya Ndovu

Kabla sijaanza kumsifu, na sifa alikuwa nazo, niseme hili kwanza usije ukaniona mnafiki mbele ya safari. Mtu huyu aliiangalia sarafu yetu ya dhahabu, tuliyoinunua mnadani, akasema si ya kweli. Tukamwamini. Tukaiuza kama dhahabu chakavu, na mume wangu, aliyekuwa na uvimbe kwenye taya na aliyeingoja sarafu hiyo imfikishe Nairobi akapasuliwe, hakwenda Nairobi. Nilimzika. Sasa tunaweza kuongea.

Tulimwita Mpimaji. Jina lake la kuzaliwa liliandikwa kwenye kipande, kile kitambulisho chake, lakini Migori nzima hakuna aliyelitumia, na mimi siwezi kuanza leo. Alitokea upande wa Macalder, alikokuwa akiwapimia wachimbaji dhahabu yao, akaingia mjini na meza moja, mizani ndogo ndani ya sanduku la mbao, jiwe jeusi la kukwaruzia dhahabu, na chupa mbili za asidi. Akaomba nafasi kwenye veranda ya duka nilipokuwa na cherehani yangu. Nilimkatalia wazi. Nikamwambia, "Jaduong', mzee wangu, hiyo asidi yako itanichomea nguo za watu." Akatazama huku na huku, akalowesha kidole kwa mate, akakiinua juu. "Basi nitakaa upande ule," akasema, "upepo utoke kwako uje kwangu." Akakaa huko miaka minane na hakuniharibia hata uzi mmoja.

Lugha ya kwao ilikuwa nyingine, yangu ni Kijaluo, kwa hivyo tuligombana kwa Kiswahili. Tuligombania jua, kivuli, kiti, redio. Mimi nilitaka nyimbo, yeye alitaka matangazo ya vifo. Aliniita Min Atieno, yaani mama Atieno, kwa sababu ya binti yangu wa kwanza, na kila nilipomwuliza mbona hana mke akajibu kwamba meza moja inamtosha.

Miaka hiyo ya tisini Migori ilikuwa imeingiwa na wazimu wa sarafu za zamani. Maduka makongwe ya Wahindi yalikuwa yakifungwa moja baada ya jingine, mali inapigwa mnada, na chini ya makabati zinatoka rupia, senti za tundu, fedha nzito zenye sura ya malkia, paundi za dhahabu. Kukawa na watu wanatoka Nairobi kuja kuzinunua kwa bei kubwa ya kuchekesha. Basi kila mwenye mbuzi akauza mbuzi anunue rupia. Na penye wazimu hapakosi wajanja: kukawa na rupia za risasi zilizopakwa fedha, na paundi za brasi zilizovishwa dhahabu nyembamba kama karatasi ya sigara.

Ujinga wetu ulikuwa huu, na ninausema nikiwa mmoja wao. Dalali hakuruhusu mtu apime kitu kabla ya nyundo kugonga. Unanunua kwa macho. Ukishalipa, ukishashangiliwa, ndipo unakuja mbio kwa Mpimaji kuuliza kama umeibiwa. Siku ya mnada foleni ilifika kwenye mtaro, na mimi niliuza vitufe na kushona mifuko iliyochanika, kwa sababu mtu anayengoja habari mbaya hushikashika nguo zake mpaka zinachanika.

Alikuwa na utaratibu wake, na ole wako uuvuruge. Kwanza unanawa mikono. Pili unanyamaza. "Usiniambie habari yake," angesema, "iache iseme yenyewe." Maana kila sarafu ilikuja na hadithi, ya babu aliyekuwa askari, au ya Mwarabu aliyezimia njiani. Yeye hakutaka hata moja. Aliitazama ukingoni kwanza, kwa kioo chake cha kukuzia, akitafuta mshono, kwa sababu sarafu iliyomiminwa kwenye kalibu huacha mshono. Kisha anaiangusha juu ya jiwe na kuisikiliza akiwa amefumba macho. Kisha mizani. Kama ni dhahabu, anaikwaruza kwenye jiwe jeusi, anadondosha asidi juu ya ule mstari na kungoja. Mwisho anasema moja kati ya maneno mawili. "Ina mama," yaani imezaliwa kwenye mashine ya serikali. Au, "Haina mama," na hapo watu wazima walikaa chini.

Siku moja alikuja mchimbaji kutoka Osiri na rupia ya fedha inayometameta utadhani imetoka dukani jana. Huko machimboni dhahabu huoshwa kabla ya kuuzwa, inasuguliwa ing'ae, maana mnunuzi hula kwa macho. Kijana wa watu akafanya vivyo hivyo kwa rupia yake: majivu, ndimu, mchanga, siku mbili. Mpimaji alipoiona alishika kichwa. "Yawa!" akasema, neno aliloliiba kwangu, "umemchuna mtu mzima ngozi!" Mchimbaji akauliza kwa sauti ndogo, "Kwani ni feki, mzee?" Akamjibu, "Ina mama. Ila sasa hata mama yake hawezi kuitambua." Wa Nairobi hawanunui iliyooshwa. Tulicheka sote isipokuwa yule mchimbaji, ambaye aliondoka bila kuchukua chenji yake.

Alitoza bei moja, sarafu ikiwa ya kweli au ya uongo, na alitoza kwanza. Hakupunguza kwa rafiki, hakuongeza kwa tajiri. Mkubwa mmoja wa wilaya, jina nalihifadhi, alimletea paundi tano zilizopangwa kwenye kitambaa cha kijani, zawadi ya kumpelekea mkubwa kuliko yeye. Mpimaji akasema ni brasi. Mkubwa akacheka. Mpimaji akarudia. Walinzi wake wakaipindua meza, mawe ya mizani yakamwagikia mtaroni, na mmoja akampiga kofi lililomwangusha kofia. Nilishuka mtaroni nikamsaidia kuokota. Yale mawe mengine ni madogo kama mbegu za nyanya, tuliyatafuta kwa vidole kwenye matope. Alipoyapata yote alisimama, akiwa na magoti meusi, akamwambia yule mkubwa aliyekuwa anaingia garini, "Mheshimiwa, bado ni brasi."

Ungeniuliza siku hiyo nani mkweli Migori ningekuonyesha yeye, na si mimi peke yangu.

Lakini alikuwa pia mtu wa ajabu. Alivaa saa ya bandia, iliyoandikwa jina kubwa la Ulaya kwa herufi zilizokosewa, naye akijua. "Hii hainidanganyi," alisema, "tunafahamiana." Alikuwa bahili wa sukari mpaka aibu, anahesabu punje, kisha anampa mwendawazimu wa stendi sahani yake nzima ya mchana. Pete za ndoa alikataa kupima. Wanawake walikuja, wanazunguka zunguka, mwishowe wanaitoa kidoleni. Aliwaambia wazivae tena, bila kuzigusa. Nilimwuliza kwa nini. Akaniambia, "Nikisema uongo nimekuwa mwongo. Nikisema kweli nimevunja nyumba. Afadhali ninyamaze." Niliona ni hekima. Siku hizi nikikumbuka namna alivyolitamka hilo neno la mwisho, kwa raha, damu inanichemka.

Na kulikuwa na maneno mawili sikuyasikia kinywani mwake kwa miaka yote hiyo. Moja ni sijui. La pili ni nimekosea.

Sasa sarafu yetu. Mume wangu alikuwa fundi wa mashine za kusaga, mtu mnyenyekevu, mwenye grisi mpaka kwenye masikio. Katika maisha yake alinunua kitu kimoja tu cha kijinga, au nilichokiita cha kijinga, nilipomzomea wiki nzima. Kwenye mnada wa duka moja la zamani aliona sarafu ya dhahabu yenye ndovu ameinua mkonga, milima nyuma yake. Akauza maksai wawili. Alipoileta nyumbani aliifutafuta kwa shati lake na kuniambia, "Min Atieno, huyu ndovu siku moja atatubeba." Nikamwambia ambebe yeye kwanza ampeleke shamba kulima, maana maksai hawapo. Akacheka. Akamficha ndovu kwenye kopo la grisi.

Miaka miwili baadaye taya likavimba. Tulidhani ni jino. Tulipofika Homa Bay daktari alitwambia polepole, kwa heshima, kwamba uvimbe ule lazima utolewe Nairobi na utolewe upesi. Tulirudi nyumbani tukatoa kopo la grisi. Nauli, kitanda, kisu, vyote vilikuwa humo, kama ndovu ni wa kweli. Wanunuzi wa Nairobi walikuwa wamesema hadharani kwamba anayepata sarafu ya ndovu amepata ng'ombe zizi zima.

Tulimpelekea Mpimaji Jumatatu asubuhi. Hakutupendelea. Tulilipa, tukanawa, tukanyamaza. Akaitazama ukingo muda mrefu, akakunja uso. Ukingo ulikuwa hovyo, herufi nzito upande mmoja na dhaifu upande mwingine. Akaikwaruza kwenye jiwe. Mstari ukatoka mwekundu hafifu, si ule wa manjano mzito aliouzoea. Akadondosha asidi, mstari ukafifia. Akarudia. Nilikuwa namwangalia mume wangu, na mume wangu alikuwa anaangalia mkono wa Mpimaji.

"Dhahabu imechanganywa sana," akasema. "Serikali haitoi pesa chafu hivi. Hii ameitengeneza sonara, tena sonara mlevi." Akaisukuma kwetu kwa kidole. "Haina mama, fundi. Pole."

Mtu wa dhahabu hupima dhahabu. Alikuwa ameishi miaka thelathini na wachimbaji, akili yake yote imejaa swali moja: ni safi kiasi gani? Hakujua, na hakuna aliyejua pale Migori, kwamba sarafu ile Wajerumani waliitengeneza Tabora wakati wa vita, wamebanwa kila upande, kwenye karakana, kwa dhahabu waliyoweza kupata na mashine iliyokuwepo. Ubaya wake ndio uliokuwa ushahidi wake. Mtu asiyejua chochote cha dhahabu angeweza kuitambua kwa picha tu.

Mume wangu alisema asante. Ndivyo alivyokuwa, unamwambia umekufa anasema asante. Tulivuka barabara mchana ule ule tukaiuza kwa sonara, kwa uzito. Sonara alikuwa na desturi ya kukusanya chakavu chake kwenye kopo la bati karibu na mlango na kukiyeyusha kila Ijumaa. Alichotulipa kilitosha kitanda cha Homa Bay na dawa za maumivu.

Mpimaji alibadilika baada ya hapo, na mimi, mpumbavu, nilimpenda zaidi. Yule bahili alianza kuniletea sukari, kilo nzima, kila wiki. Mtu akija na sarafu ya ndovu, hata picha yake, alisema, "Ndovu sipimi," na kuangalia pembeni. Nilidhani ni kwa heshima ya msiba uliokuwa njiani kuja kwangu.

Huko Homa Bay kitanda cha pili alilazwa mwalimu mstaafu, mwenye miguu iliyovimba na mkoba wa vitabu. Alikuwa mkusanyaji wa sarafu. Siku moja nilimkuta mume wangu ameshika kitabu kimoja mapajani, kimefunguliwa, na ndovu wetu yupo pale kwenye ukurasa, mkonga juu, milima nyuma, herufi nzito upande mmoja. Mwalimu alikuwa amemsomea maelezo yote. Mume wangu hakuweza tena kuongea vizuri. Alinivuta sikio karibu.

"Usimwambie mzee," akasema.

Nikapandwa na hasira hapo hapo wodini. "Nisimwambie? Nitamwambia mbele ya foleni! Nitaipindua ile meza mimi mwenyewe!"

"Alisema alichoona," akasema. "Akijua ataacha kazi. Akiacha kazi atakufa. Mimi tayari naenda. Kwa nini twende wawili?" Kisha akanishika mkono mpaka nikaapa. Niliapa nikilia, nimekasirika, nikimwona mjinga kwa wema wake. Alikufa kabla ya mvua za masika.

Nilirudi kwenye veranda ile na kiapo changu. Mwaka mmoja na zaidi nilikaa kando ya mtu yule, nikinywa chai yenye sukari yake, nikisikia "Ina mama," "Haina mama," na watu wakiondoka wakisema mzee huyu hakosei. Mara ngapi nilifungua mdomo! Uzi unakatika, namtukana uzi. Nilimchukia asubuhi na kumwonea huruma jioni. Nilijiambia hana habari, masikini, analala usingizi wake, na mimi ndiye ninayemlinda. Mwishowe sikuweza tena. Nikahamisha cherehani Homa Bay, karibu na dada yangu, nikawa nashona sare za shule. Yeye aliniagiza salamu mara mbili. Sikujibu.

Miaka ikapita. Mchana mmoja nikaona mtu mlangoni, anajishikilia kwa mlango. Sikumtambua mpaka aliposema, "Min Atieno, upepo unatoka wapi leo?" Lo! Alikuwa amebaki mifupa na koti. Na mikono yake, ile mikono iliyoshika mawe madogo kama mbegu, ilikuwa inatetemeka bila kupumzika. Zebaki ilikuwa imemmaliza. Huko machimboni huchanganya dhahabu na zebaki kisha huichoma, moshi wake hauna harufu, na alikuwa ameuvuta ujana wake wote. Meza alikuwa ameshaiuza. Alikuwa amerudi Macalder kungoja siku yake.

Nilimkalisha. Nikamtilia chai, nikaweka vijiko vinne, maana ubahili wake ulikuwa wa kwake si wangu. Alijaribu kushika kikombe, chai ikamwagika yote kwenye magoti. Nikatia nyingine, nikavuta kigoda, nikamnywesha mwenyewe, fundo moja moja, namfuta kidevu kwa kipande cha kitambaa. Yote niliyokuwa nayo moyoni yalilainika. Nikamwambia mume wangu moyoni, Wuon Atieno, baba Atieno, uliona mbali.

Alipofika nusu ya kikombe akageuza uso.

"Ile ya ndovu," akasema, "ilikuwa na mama."

Sikushtuka. Nilisikia tu kama mzigo unatuliwa. "Najua, Jaduong'."

Akanitazama. "Tangu lini?"

Nikamwambia yote. Kitabu cha mwalimu, wodi, kiapo. Nikamwambia maneno ya mume wangu bila kupunguza. "Alisema wewe ulisema ulichoona. Alisema nisikuambie, ungeacha kazi ukafa. Ndiyo maana nilinyamaza miaka yote hii. Sikutaka uumie." Nilidhani nampa zawadi. Nilingoja alie, ili nami nipate kulia naye, tumalize.

Hakulia. Alitazama sakafu.

"Mimi nilijua Jumatano," akasema.

"Jumatano gani?"

"Ile ile. Mliuza Jumatatu. Jumatano alikuja yule wa Nairobi, mwenye koti la kahawia. Ulimshonea kifungo."

Nilimkumbuka. Kifungo cha mkono wa kushoto.

"Alikuwa na ndovu wake, na karatasi zake. Akataka nimpimie uzito tu. Nikaweka kwenye mizani. Ukingo ule ule. Rangi ile ile. Herufi zile zile. Yenu ilikuwa bado kwenye kopo la sonara. Nilikuwa naliona kopo kutoka nilipokaa."

"Na mimi nilikuwa wapi? Mimi si nilikuwa hapo kando yako? Si ungenigusa bega tu?"

"Kulikuwa na foleni," akasema. "Watu saba. Ningesimama niseme nimekosea, kila mmoja angerudi na kila nilichowahi kumpimia. Nikasema nitakuambia jioni wakiondoka. Jioni nikasema kesho. Alhamisi nikasema kesho. Ijumaa niliinuka. Nilifika katikati ya barabara, nikaona moshi kwa sonara. Nikarudi nikakaa."

Nilikumbuka Ijumaa ile. Alirudi kutoka barabarani uso umempauka, nikamwuliza kama ana malaria, akasema ni jua. Nilimpa kiti changu kwa sababu kilikuwa kivulini.

"Sikuja kuomba msamaha," akasema. "Nilitaka ujue kutoka kwangu."

Kikombe kilikuwa bado mkononi mwangu, nusu, chai ina moto. Koo lake lilikuwa limekauka kwa kuongea. Alisogeza mdomo mbele kidogo, akangoja, macho yakiwa kwenye kikombe. Nilimtazama. Kisha nikakiweka kikombe mezani mbele yake, karibu kabisa, mahali ambapo mtu yeyote mwenye mikono mizima angekifikia bila shida, nikarudi kwenye cherehani. Alikaa pale mpaka chai ikapoa, na mimi nilishona kola nne.